Bundi wa shangazi na kamera isiyozimwa

Sauti yenyewe huanza mida ya saa tatu usiku. Si ule mlio wa "huu, huu" wa kwenye hadithi. Ni mkoromo mrefu, mkavu, kama wa mtu mzima aliyelala chali huku kifua kimembana. Unakatika, kisha unaanza tena upande wa pili wa dari. Shangazi yangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Morogoro, aliusikiliza karibu mwezi mzima. Alisoma dua. Aliita wazee. Mwishowe akamwita fundi apande darini na gunia na fimbo.

Fundi alishuka na gunia tupu. "Mama, ni makinda ya ndege. Yana nyuso kama za watu."

Walikuwa bundi wa ile aina yenye uso mweupe wa umbo la kopa, na mkoromo ulikuwa wa makinda wakiomba chakula. Ndivyo wanavyoomba: wanakoroma mpaka mzazi arudi na panya. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Ni nyumba ngapi katika nchi hii watu wamehama chumba, wamegombana na jirani, wamemnyooshea kidole bibi kizee wa watu, kwa sababu ya makinda wenye njaa juu ya dari?

Nilimwomba shangazi awavumilie mpaka waruke, akakubali kwa shingo upande. Walipoondoka tukaziba tundu la dari, na mimi nikaweka sanduku la mbao kwenye mwembe nyuma ya uwanja: urefu sentimita 60, upana 40, na mlango mpana kiasi cha bundi kupita. Ndani nikafunga kamera. Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja: kamera ya kiota cha bundi irushe mubashara, usiku na mchana, pamoja na sauti, bila kukatwa popote.

Nianze na ufundi, maana wengi hukwama hapo. Kamera ifungwe kabla ndege hajaja. Ukipanda ngazi wakati mayai yapo, jike anaweza kuyasusa na asirudi, na hakuna picha yenye thamani hiyo. Mimi nilitumia kamera ya ulinzi ya kawaida, ile inayopokea umeme na kutoa picha kwa waya mmoja wa mtandao. Waya huo unatosha ukiwa chini ya mita 100 kutoka kwenye rauta. Kamera hizi lakini zimetengenezwa kutazama geti au uwanja. Ukiiweka nusu mita kutoka sakafuni, unaona ukungu mtupu. Fundi wa kamera aliifungua, akakwangua gundi iliyoshika lenzi, tukaweka gunzi la mahindi kwenye sakafu ya sanduku, akawa anaizungusha lenzi kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, mpaka tukaweza kuhesabu mashimo ya punje. Usiku tukakuta tatizo jingine: taa za infraredi, zinazoiwezesha kamera kuona gizani, zilikuwa kali mno kwa nafasi ndogo, kila kitu kikawa cheupe pe. Tulizifunika nyingi kwa plasta, tukaacha mbili. Ukinunua, chagua zenye mawimbi ya nanomita 940, zisizoonekana kabisa kwa macho. Zile za 850 huacha wekundu hafifu gizani, na mtu apitaye njiani akiona jicho jekundu juu ya mwembe unajua atakachosema.

Kuhusu bando: picha ya megabiti 2 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 22 kwa siku, na kwa watu wengi hapo ndipo mradi unapofia. Shusha mpaka kilobiti 500. Picha ya usiku ni nyeusi na nyeupe, ndege ametulia, hakuna kinachopotea, na matumizi yanashuka hadi gigabaiti tano na kitu.

Mwaka wa kwanza walihamia nyuki. Tulisubiri mrina awatoe, tukasafisha, tukasubiri tena.

Bundi walikuja mwaka uliofuata. Jike alitaga mayai sita, moja kila baada ya siku mbili au tatu, naye huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Kwa hiyo baada ya mwezi hivi makinda walianguliwa kwa zamu, wakawa kama ngazi: wa kwanza ameshaota manyoya mazito, wa mwisho bado ana macho yaliyofumba. Dume alikuwa akileta panya tangu magharibi. Shangazi, aliyesema hataitazama "hiyo sinema ya wachawi", aliomba niiweke kwenye simu yake, kisha nikamkuta na kalenda ya ukutani ameichora vistari kwa kalamu. Usiku mmoja alihesabu panya 17.

"Hawa si ndio wanaofukua mbegu zetu?" akaniuliza.

Ndio hao. Panya wa shamba, yule ambaye jike lake laweza kuwa na chuchu hadi 24, ndiye anayefukua mahindi siku chache tu baada ya kupandwa, na ndiye aliyewashughulisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine palepale Morogoro kwa miaka mingi. Sisemi bundi peke yake anammaliza. Panya huyo anazaa kwa kasi kuliko mwindaji yeyote. Lakini kule Sde Eliyahu, Israeli, wakulima walianza kuwawekea bundi masanduku mwaka 1983, na baadaye wakulima wa Jordan wakaungana nao, ingawa Jordan nako bundi alikuwa ndege wa mkosi kama kwetu.

Kwa nini mubashara, na si video fupi fupi nzuri? Kwa sababu video fupi nimeshaona inavyogeuzwa. Mtu alikata sekunde tisa kutoka kwenye matangazo yetu, jike akiikazia kamera macho yanayong'aa, akaweka muziki wa kutisha na maneno ya uchawi, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Siwezi kumzuia. Ninachoweza ni kumwambia kila aliyeiona: ingia sasa hivi, saa hii hii, umwone. Akiingia anamkuta mama amelala na makinda chini ya kifua. Anakaa dakika kumi, hakuna jambo. Kule kutotokea kwa jambo ndiko kunakomtoa hofu, na hakuna anayeweza kukuhariria utulivu wa saa sita. Huko San Marcos, California, mwaka 2010, bundi wa jamii hii hii aliyeitwa Molly alitazamwa mara mamilioni akiwa sandukuni tu, na sehemu kubwa ya muda alikuwa amekaa.

Ugumu ulikuja usiku kinda wa sita alipokufa. Mvua ilinyesha siku mbili, dume hakuweza kuwinda. Bundi husikiliza mchakacho wa panya kwenye majani, na mvua inafunika kila sauti. Wakubwa walikula kidogo kilicholetwa. Mdogo alipoa, na alfajiri mama yake akamkatakata akawalisha wengine. Simu yangu haikunyamaza. Zima! Mpandie umwokoe! Kuna watoto wanatazama! Niliiacha kamera iwake. Nilikuwa nimewaomba watu waamini kwamba wanaona kila kitu, na kama ningezima siku ile, siku nyingine zote zingekuwa uongo. Niliandika tu chini ya picha kwamba hivi ndivyo ngazi ile ya makinda inavyofanya kazi: mvua isipokatika anakufa mmoja, ikikatika wanaishi wote.

Kitu kimoja tu nakificha, mahali penyewe. Wapo wanaotafuta mayai ya bundi na manyoya yake, na wapo wenye mawe. Mlango wa sanduku hauonekani kwenye picha, milima ya Uluguru haionekani, na matangazo yanachelewa sekunde 30 ili sauti ya adhana au honi ya treni isimpe mtu ramani. Pia tulikwenda kwa majirani wanne wa karibu, nyumba kwa nyumba, kuwaomba waache sumu ya panya. Bundi akimla panya aliyelegezwa na sumu, sumu hiyo inaingia mwilini mwake na kwa makinda wake. Watatu walikubali. Wa nne tulimpelekea paka.

Juzi umeme ulikatika, picha ikapotea. Dakika tano hazijapita simu ikaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nawasikia huku nje wanakoroma, lakini kwenye simu siwaoni. Baba yao amesharudi?"