Ghorofa, Ziwa na Hesabu: Kigoma Ipimwe Kabla ya Kujengwa

Kila inapopendekezwa kwamba sura ya mji, yaani mstari ambao mapaa, minara na miti huuchora dhidi ya anga, ichambuliwe kwa hesabu na kompyuta, pingamizi la kwanza huwa kwamba uzuri haupimwi kwa rula. Pingamizi hilo lina nguvu linapoelekezwa kwenye kipimo cha fraktali, yaani namba inayoonyesha mstari una mikunjo kiasi gani, ambacho mizizi yake imo katika makala ya Benoit Mandelbrot ya mwaka 1967 kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza. Picha hufunikwa kwa visanduku, vinavyoguswa na mstari vikahesabiwa, kisha kazi hurudiwa kwa visanduku vidogo zaidi; kasi ambayo hesabu huongezeka nayo ndiyo hutoa namba. Mstari ulionyooka hupata 1, na kadiri unavyokuwa na mikunjo mingi namba hupanda kuelekea 2. Lakini Kigoma, mji wetu ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ikipigwa picha kutoka kwenye boti itatoa namba moja na ikipigwa kutoka eneo la Bangwe itatoa nyingine, na programu isiyoelekezwa vizuri itazihesabu nyaya za umeme na matawi ya miembe kuwa majengo. Anayetaka kutumia namba ya namna hiyo kumwambia mwenye kiwanja kwamba jengo lake ni baya anastahili kupingwa.

Hata hivyo, wapingaji wakishakishinda kipimo hicho huondoka wakidhani wameishinda hesabu yote. Sehemu kubwa ya kazi hii haiulizi kipi ni kizuri. Inauliza nini kitazibwa, na machoni pa nani. London imedhibiti urefu wa majengo yanayozunguka kanisa kuu la St Paul's tangu miaka ya 1930, na mstari mmoja wa kutazama unaolindwa huanzia Richmond Park, zaidi ya kilomita 15 kutoka kanisani. Vancouver, nchini Kanada, ilipitisha utaratibu wa aina hiyo mwaka 1989 ili milima yake iendelee kuonekana.

Tuchukue mfano wa mteremko kama ule unaoshuka kutoka eneo la Mwanga, hapa Kigoma, kuelekea stesheni ya reli. Tuseme macho ya mtazamaji yako mita 40 juu ya usawa wa ziwa, mbele yake kwa mita 100 kuna kiwanja kilicho mita 25 juu ya usawa huo, na ufuko uko mita 400 kupita kiwanja hicho. Nyumba ya mita 4 haizibi tone la maji. Jengo la mita 10 linaficha mita 300 za kwanza za maji, hasara ambayo wengi wangeivumilia. Likifika mita 13 linaficha kilomita moja na nusu, na likifika mita 16 maji yote hutoweka, ikabaki milima ya Kongo, nayo kwa siku ambazo anga ni safi. Mita 3 za mwanzo na mita 3 za mwisho zinahitaji saruji ileile, lakini hasara yake kwa jirani wa juu hailingani hata kidogo, na jambo hili jicho la kawaida halilitambui mpaka zege la mwisho limwagwe.

Kuna pingamizi jingine lililo zito zaidi, nalo ni la data. Ramani ya miinuko ya bure inayotumiwa sana, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga mwezi Februari mwaka 2000, ina vipande vya mita 30 na inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Katika mfano wetu, kosa hilo linatosha kugeuza jibu lote, kwa hiyo mpima ardhi hawezi kuachwa nyumbani. Ila gharama ya kupima mistari michache ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kubomoa ghorofa.

Wapo wanaosema mji wetu bado ni mfupi, hivyo mambo haya yasubiri. Mimi naona kinyume: kikomo cha urefu hakimwonei mtu kikiwekwa kabla hajanunua nondo. Ugumu uliobaki ni wa haki, kwa sababu kumlinda wa juu ni kumnyima wa chini ghorofa zake, na kompyuta haijui nani alipe. Ndiyo maana ningependa manispaa ichague vituo vya kutazamia mahali pa umma, kama stendi, sokoni na barabarani, na baraza za nyumba za watu binafsi zisihesabiwe kabisa.