Kava peji ya mwanachuo na kurasa 46 zilizopotea

Ikifika Juni na Julai, steshenari za Moshi mjini hujaa wanachuo wanaokuja kuprinti na kubaindi tafiti zao. Mwaka jana, nikiwa nasubiri zamu yangu kwenye benchi, nilimwona binti aliyerudishwa na msimamizi wake kwa mara ya tatu. Utafiti ulihusu vyama vya ushirika vya kahawa, na sura zote zilikuwa zimeshapita. Tatizo lilikuwa kava peji, yaani ukurasa wa kichwa: nembo ya chuo imekaa kushoto kidogo, na jina la mwezi halikuandikwa kwa herufi kubwa. Kijana wa kompyuta akairudisha nembo katikati, akarekebisha mwezi, kisha akaanza kufungua nakala tatu zilizokwisha kubaindiwa ili aingize ukurasa mpya. Binti alisimama pembeni akihesabu nauli iliyobaki mkononi.

Ukiliona jambo kama hilo, huwezi kuwapuuza wanaosema ukurasa wa kichwa ni mzigo. Wanauliza: kwa kazi ya darasani ya kurasa nne, kwa nini ukurasa wa tano ubebe jina, namba ya usajili, somo na jina la mhadhiri, mambo yanayotosha kwenye mistari minne? Swali hilo lina mashiko. Mtindo wa MLA, mmoja wa miongozo ya kupanga kazi za kitaaluma, unaotumika sana katika lugha na fasihi, hauudai ukurasa huo kwa insha ya kawaida. Maelezo hukaa juu upande wa kushoto na insha inaanza hapohapo. APA, wenye mwongozo mwingine wa aina hiyo, nao katika toleo la 7 la mwaka 2019 waliwapunguzia wanafunzi masharti, wakawaachia waandishi wa majarida kile kichwa kifupi kinachojirudia juu ya kila ukurasa.

Kuna na hoja ya haki, ambayo kwetu Kilimanjaro ina uzito wake. Jina la ukoo huku linasema mengi. Ukisoma Shirima unawaza Rombo, ukisoma Swai unawaza Machame, na msahihishaji ni binadamu. Mtihani wa taifa unafanywa kwa namba bila jina, na sioni kwa nini kazi za chuo zisifuate njia hiyo.

Wanaoupinga wangeweza hata kuleta historia. Biblia ya Gutenberg, mchapaji wa mwanzo wa Ulaya, iliyokamilika karibu mwaka 1455, haina ukurasa wa kichwa. Vitabu vya enzi hizo viliweka jina la mchapaji, mji na tarehe mwishoni kabisa. Watunzi wetu wa tenzi nao walizoea kungoja beti za mwisho ndipo wajitaje na kutaja mwaka wa Hijria. Ulimwengu uliishi bila ukurasa huu na elimu haikufa.

Ila tuangalie kwa nini ulizuka. Mwandishi wa mkono alimwandikia mtu anayemjua. Mwenye kitabu alijua kimetoka kwa nani. Mashine ya kuchapa ilipoanza kutoa nakala mamia kwa wateja wasiojulikana, karatasi zikiuzwa bila kujalidiwa, ilibidi rundo lijieleze lenyewe kutoka juu. Mwaka 1476 kule Venice, mchapaji Erhard Ratdolt na wenzake walitoa kalenda ya mnajimu Regiomontanus ikiwa na ukurasa wa mbele uliotaja kitabu, mji, mwaka na wachapaji. Msomaji asiyemjua aliyemletea kitabu ndiye aliyeuhitaji ukurasa huo, na msomaji huyo leo ni sisi sote.

Hapa nitenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana. Jalada ni la kuvutia mnunuzi. Ukurasa wa kichwa ni ule wa ndani, wenye jina kamili la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mji. Mgongoni mwake hukaa hakimiliki, toleo na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Mkutubi anapoorodhesha kitabu huchukua jina kutoka humo ndani. Chukua kijitabu cha Azimio la Arusha cha mwaka 1967. Azimio lilipitishwa Arusha, na makumbusho yake yako pale Kaloleni hadi leo. Mwanafunzi akikisia mji wa uchapishaji ataandika Arusha bila kusita, kumbe aliyekichapisha ni Idara ya Habari ya TANU, Dar es Salaam. Au mzazi anayenunua vitabu vya kiada vilivyotumika, vilivyotandikwa chini kando ya barabara: majalada yanafanana, lakini mtaala mpya umeanza Januari 2024, na mwaka anaoutafuta uko mgongoni mwa ukurasa wa kichwa. Akikuta ukurasa huo umechanwa, asitoe hela.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Natunza maktaba ndogo ya parokia, na wasomaji wetu wengi ni wakulima. Miongoni mwa vitabu tulivyopewa kulikuwa na kitini cha kopi kuhusu migomba. Kinaanzia ukurasa wa 47 na kuishia wa 112, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya bluu, "Kitabu cha migomba". Kimeandikwa vizuri, kwa Kiswahili cha kueleweka, na kilikuwa kinaazimwa kuliko vingine. Siku moja baba mmoja wa Uru alikuja nacho akaniuliza dawa ya fukusi, mdudu anayetoboa migomba, iliyotajwa ukurasa wa 61 inauzwa wapi. Nikasoma: dieldrini. Hiyo imo katika sumu zilizopigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa mwaka 2001. Bila shaka mwandishi aliandika kabla ya hapo, kwa nia njema na kwa ujuzi wa wakati wake. Laiti aliyetoa kopi angeanza na ukurasa wa kwanza, yule baba angeona mwaka na angekuwa na sababu ya kuuliza mapema. Zilikuwa kopi mbili tu, mbele na nyuma.

Kwa hiyo msimamo wangu hauko katikati. Kwa kazi za darasani kava peji iondoke, iwekwe mistari michache juu, yenye namba ya usajili badala ya jina. Kwa tasnifu ibaki, pamoja na yale maneno ya "imewasilishwa ili kutimiza sehemu ya masharti ya kutunukiwa shahada", kwa kuwa yanamwambia msomaji wa kesho kazi hii ilipimwa kwa kiwango gani na chuo gani. Ila hakuna mtu arudishwe kwa sababu ya nembo iliyosogea nusu sentimita. Na kwa kitabu, au kipande cha kitabu, ukurasa wa kichwa usiguswe. Vijana wa steshenari ninayoitumia nimekwishawaomba: mtu akileta kitabu atolewe kopi ya sura moja, wamuulize kama anataka na ukurasa wa kichwa na mgongo wake. Wengi, wananiambia, wanakubali wakiulizwa.

Kile kitini nimekitoa rafuni. Kiko kwenye droo yangu, na ukurasa wa 61 nimeuandikia onyo kwa wino mwekundu. Sijakitupa, maana sura ya kutunza machipukizi bado ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma. Mwenye kurasa 46 za mwanzo, kitabu cha migomba, mistari 34 kwa ukurasa, michoro ya mkono, anitafute.