Raia wa kawaida mbele ya mababe: hoja za pande mbili kuhusu mashindano ya nguvu ya televisheni

Kila aliyekulia katika lugha yetu amesikia tangu utotoni kwamba mwenye nguvu mpishe. Kipindi cha televisheni kiitwacho Gladiators, kilichoanza Marekani mwaka 1989 kwa jina la American Gladiators na kufika Uingereza mwaka 1992, kimejengwa juu ya wazo lililo kinyume kabisa na msemo huo. Watu wenye kazi zao za kila siku, wakiwemo walimu na askari wa zimamoto, huingia ukumbini kupambana na kundi la kudumu la mababe wa kiume na wa kike walioajiriwa mahsusi kwa kazi hiyo, na hakuna anayetarajiwa kumpisha mwenzake. Shirika la utangazaji la BBC lilikifufua mwaka 2024 kutoka ukumbi mkubwa wa mji wa Sheffield, na vipande vyake vimesambaa kwenye simu za vijana wetu hapa Dodoma. Mpwa wangu, ambaye anacheza mpira wa pete katika timu ya shule yake, alinionyesha kimoja jioni moja nyumbani Chadulu kisha akaniuliza: "Mjomba, vikianzishwa vya namna hii hapa kwetu, utaniruhusu nijaribu?" Sikumjibu siku ile, kwa sababu nilitaka kwanza nizipime hoja za wanaoyapenda mashindano haya na za wanaoyapinga, nami nazipima hapa nikiwa na swali lake mkononi.

Wanaoyaunga mkono wana hoja moja ambayo naiona nzito kuliko zote, nayo inatokana na historia ya mashindano yenyewe. Wazo hili halikuzaliwa studio. Lilianzia mwaka 1982 katika mji wa viwanda wa Erie, jimbo la Pennsylvania, ambako Dann Carr na Johnny Ferraro waliandaa mashindano ya nguvu katika ukumbi wa shule, kwa ajili ya watu wa mji huo waliokuwa wakitumia miili yao kazini. Mtu aliyezoea kubeba vyuma mchana kutwa alipewa nafasi ya kuonyesha kwamba nguvu yake ni kipaji, na kwamba kipaji hicho kinastahili kushangiliwa. Nilipolifahamu hilo niliwaza mara moja soko la mahindi la Kibaigwa, ambako makuli hupanda ubao wa lori wakiwa na gunia la kilo 100 mgongoni, na wakati mwingine zaidi ya hapo pale linapokuwa limejazwa lumbesa, wakarudi chini na kupanda tena mpaka lori lijae. Hakuna kamera inayowaangalia, wala hakuna mwamuzi anayewahesabia. Kama yupo mtu katika kanda hii ya kati anayeweza kusimama mbele ya babe bila kutetemeka, nadhani yuko pale Kibaigwa, na mashindano ambayo yangempa jukwaa mtu wa aina hiyo yana heshima ambayo hatupaswi kuidharau.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Katika michezo ya SHIMIWI, ambayo hukutanisha watumishi wa wizara, idara za serikali na mikoa, mchezo unaokusanya watazamaji wenye kelele nyingi kuliko wote ni kuvuta kamba. Mhasibu, dereva, katibu muhtasi na mlinzi hushika kamba moja, na ofisi nzima husimama pembeni ikiwaimbia. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, mji huu umejaa watu ambao ushindani wao wa kamba unaendelea hata kantini wakati wa chakula cha mchana. Kwa hiyo anayedai kwamba Mtanzania hapendi kumtazama mtu wa kawaida akipambana kwa misuli yake hajawahi kusimama uwanjani siku ya fainali ya kamba.

Hata hivyo, kamba ndiyo inayonionyesha pia kasoro kubwa ya mashindano haya ya televisheni, kasoro ambayo watazamaji wengi hawaioni kwa sababu macho yao yamevutwa na misuli. Katika kuvuta kamba pande zote mbili zimeshika kitu kimoja, na kinachompata mmoja kinampata mwingine papo hapo. Katika Gladiators hali ni tofauti. Washindani wawili wa ridhaa hushindana wao kwa wao, na babe hapati alama yoyote, kwani kazi yake ni kuwa kizuizi. Mshindani hupanda ukuta akikimbizwa na babe, au husimama juu ya jukwaa dogo akipigana kwa rungu lenye sponji pande zote mbili, na alama anazozipata huwekwa kando mpaka kwenye mbio za vizuizi za mwisho. Hapo kila alama moja ya tofauti huwa nusu sekunde ya kutangulia, kwa maana kwamba aliyeongoza kwa alama 10 huondoka sekunde 5 kabla ya mwenzake, na anayemaliza wa kwanza ndiye mshindi, hata kama alama zake zilikuwa chache.

Mpango huo wa kugeuza alama kuwa muda ni mzuri sana, na nitaurudia tena hapa chini. Tatizo liko kwa babe. Ukuta wa mazoezi ni uleule kwa kila mtu, lakini babe ni binadamu mwenye uchovu, hasira, huruma na siku mbaya. Mara nyingi mshindani wa kwanza hukutana na babe mmoja na wa pili akakutana na mwingine, au wote wawili wakakutana na yuleyule ambaye kwa mara ya pili pumzi zimempungua. Je, amejitahidi sawasawa dhidi ya wote wawili? Mwamuzi anaweza kupuliza filimbi pale babe anapokosea kanuni, lakini hawezi kupima juhudi iliyopungua kidogo. Katika riadha, saa haijui jina la mkimbiaji. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida jirani zetu, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa muda wa saa 2:09:48 uleule aliopewa Amanal Petros wa Ujerumani, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde zilizosomwa kwenye picha ya mstari wa kumalizia. Usahihi wa namna hiyo hauwezekani pale ambapo sehemu ya kipimo chenyewe ni mtu aliyeajiriwa na waandaaji. Wapinzani wa mashindano haya wanaposema kwamba yanakaribia zaidi mieleka ya televisheni kuliko michezo, hoja yao ina mashiko hapa, na waandaaji waaminifu wangeipunguza nguvu kwa kuchezesha droo hadharani ya nani atakutana na nani na kwa zamu ipi.

Kinachoyaokoa machoni pangu ni zile mbio za mwisho. Pale babe hayupo. Wamebaki wawili, kamba za kupanda, wavu wa kutambaa na mteremko, na katika toleo la Uingereza kuna ule mkanda unaoteleza kurudi nyuma, ambao mtu mwenye mapaja yaliyokwisha kuchoka anaweza kupanda hatua tano na kurudishwa sita. Nimewaona washindani waliotangulia kwa sekunde nyingi wakikwama kwenye mkanda huo mpaka mwenzao akawafikia. Hapo hakuna wa kumlaumu wala wa kumshuku. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba jambo lote ni maigizo.

Kuhusu wanawake, naona upande unaounga mkono umeshinda kwa tofauti kubwa. Tangu mwanzo washindani wa kike na mababe wa kike wamekuwa na nafasi katika kila kipindi, wakicheza michezo ileile ambayo wanaume wanacheza. Miongoni mwa mababe wa sasa wa BBC yumo Montell Douglas, anayetumia jina la Fire, mwanamke wa kwanza wa Uingereza kushiriki Olimpiki za majira ya joto na pia za majira ya baridi. Naye Eunice Huthart wa Liverpool, aliyeingia akiwa mshindani wa ridhaa na kuibuka bingwa mwaka 1994, baadaye alijenga maisha yake katika kazi ya kuigiza matukio ya hatari kwenye filamu, akichukua nafasi ya Angelina Jolie. Katika nchi ya Wagogo, ambako wanawake ndio wapigaji wa ngoma ya muheme, wakiibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga huku miili yao yote ikifanya kazi, hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mwanamke ana nguvu. Kinachokosekana ni mahali ambapo nguvu hiyo inatazamwa kama ustadi wa michezo, na msichana wa miaka 17 anayeirukia nyavu ya pete kila jioni anapaswa kuona kwamba mwili wenye misuli haumpunguzii chochote.

Lakini misuli hiyo hujengwaje? Hapa wapinzani wana hoja ambayo hainiachi nilale kwa utulivu. Dan Clark, aliyejulikana kama Nitro katika toleo la kwanza la Marekani, amekiri hadharani kwamba alitumia steroidi, yaani dawa za kukuza misuli, na huko Uingereza Jefferson King, aliyeitwa Shadow na kuogopwa kuliko wote, aliondolewa kwenye kipindi katika miaka ya 1990 kwa sababu ya dawa. Dawa hizi hupandisha shinikizo la damu, huuchosha moyo, huharibu ini na kwa wanaume hudhoofisha uwezo wa kuzaa. Babe anapowekwa mbele ya watoto kama shujaa, umbo lake huwa somo, na kijana anayenyanyua vyuma vya kujitengenezea kwa saruji na makopo nyuma ya nyumba huko Nkuhungu hujipima naye. Akiona miezi sita imepita na kifua hakijafanana na kile cha kwenye simu, anaweza kuamini kwamba anachokosa kiko ndani ya sindano. Mashindano yanayokataa kuwapima mababe wake kwa dawa, kwa kisingizio kwamba wao ni watumbuizaji na si wanamichezo, yanamfundisha kijana huyo uongo. Nasema hivyo bila kusitasita, na kwangu mimi sharti la vipimo halina mjadala.

Ipo pia hoja ya kwamba fedha za kujenga majukwaa na kununua mitambo zingefaa zaidi kwenda kwa wakimbiaji, hasa katika kanda iliyomtoa Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma aliyeshika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na kushinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Naiheshimu, ila inadhani kwamba fedha za watangazaji wa biashara zikikataliwa hapa zitaelekea kwenye riadha zenyewe. Hazijaelekea huko miaka yote.

Kilichonikalia moyoni kuliko yote ni suala la majeraha, na ndilo ambalo nalisikia likizungumzwa kidogo kuliko yote. Diane Youdale, aliyeitwa Jet na kupendwa na nusu ya Uingereza, aliacha kipindi mwaka 1996 baada ya kuumia shingo katika mchezo wa kupanda piramidi. Yeye alikuwa babe mwenye mkataba na mazoezi ya kila siku. Mshindani wa ridhaa akiumia, kanuni za kipindi zinasema mshindani wa akiba achukue nafasi yake, na onyesho liendelee. Hiyo ni kanuni nzuri kwa onyesho. Kwa goti lake haisemi chochote.

Tuliweke jambo hili katika mazingira yetu. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao humlipa mfanyakazi anayeumia au kuugua kutokana na kazi yake. Babe aliyeajiriwa na waandaaji anaweza kuingia chini ya ulinzi huo. Mshindani aliyekuja kwa hiari yake kujaribu bahati si mfanyakazi wa mtu yeyote pale ukumbini, na kama ni kuli wa kulipwa kwa gunia, huko alikotoka pia hana mwajiri wa kumdai. Kwa hiyo, kati ya watu wawili wanaogongana juu ya jukwaa, mwenye mwili uliojengwa kwa kazi hiyo ndiye mwenye kinga, na mwenye familia inayokula kwa mgongo wake hana. Nilimweleza jambo hili kijana mmoja wa Kibaigwa niliyekutana naye nikisubiri basi, baada ya kumwonyesha kipande kilekile alichonionyesha mpwa wangu. Alikitazama mpaka mwisho, akacheka kwa furaha babe alipoanguka, kisha akauliza: "Sasa nikiteguka bega, zile wiki ambazo sibebi, wanangu watakula nini?" Hakuwa akiyakataa mashindano. Alikuwa akiuliza bei yake.

Swali hilo lina jibu, na ndiyo maana siungani na wanaotaka vipindi vya namna hii vizuiwe. Mwandaaji anaweza kumkatia kila mshindani bima ya ajali kuanzia siku ya usaili, kuahidi kwa maandishi matibabu mpaka apone pamoja na malipo ya siku atakazokaa bila kazi, kuweka daktari pembeni ya jukwaa mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo bila kumuuliza mtayarishaji, na kumpa mshindani wiki za kuvifanyia mazoezi vifaa vyenyewe ili asikutane na urefu wa jukwaa kwa mara ya kwanza siku ya kurekodi. Gharama hizo ni ndogo zikilinganishwa na taa na kamera.

Nimemjibu mpwa wangu hivyohivyo. Nimemwambia kwamba siku itakapoletwa fomu yenye mambo hayo, tutaisoma pamoja na mama yake neno kwa neno, tutauliza kama mababe wamepimwa, na vyote vikiwa sawa nitasaini sehemu ya mlezi na kumsindikiza mimi mwenyewe mpaka mlangoni. Ameanza kukimbia asubuhi.