Mkurugenzi huru hapa Amu (Lamu) tutamtoa wapi?

Jumamosi tulikuwa na mkutano mkuu wa sacco yetu, jina silitaji manake bado nina mkopo pale na wote ni jirani zangu. Mwenyekiti kasimama, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa, akatangaza ati mwaka huu ni mwaka wa mageuzi na bodi inatuletea "wakurugenzi huru" wawili, yani wajumbe wa bodi wasiofungamana na wakubwa, tuwapitishe. Mikono ikapanda, makofi. Nikamgeukia mama mmoja wa makamo niliyekaa naye nikamuuliza hawa ni kina nani, akanijibu bila kuinua uso kwenye viazi karai vyake: "Yule wa kulia kamuoa binti wa mwenyekiti. Yule wa kushoto, mwenyekiti ndiye aliyemposea."

Nilicheka, lakini njiani nikirudi nyumbani nikawa najiuliza, sasa tungemchagua nani? Ukianza mtaa wa Langoni ukitembea mpaka Mkomani kila mlango una shangazi, kama si wa damu ni wa kunyonya. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa Nairobi zina kanuni zao, zile za mwaka 2015 za mamlaka ya masoko ya mitaji, kwamba angalau thuluthi moja ya bodi wawe wakurugenzi huru, mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wasiwe mtu mmoja, na ukishakaa miaka 9 huhesabiwi tena kuwa huru. Sacco yetu haibanwi na kanuni hizo, mwenyekiti kaokota neno tu semina huko Mombasa akaja nalo, na mimi simlaumu, neno ni zuri.

Shida ni kwamba watu wanadhani huru maana yake ni mgeni. Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Disemba 2001, bodi yake ilikuwa imejaa watu wa nje, si watoto wa shangazi, na kamati ya ukaguzi iliongozwa na profesa wa uhasibu! Na bodi hiyo hiyo ndiyo iliyomruhusu mkuu wa fedha awe na vikampuni vyake pembeni vinavyofanya biashara na Enron yenyewe, yani ukiniuliza mimi ni kama kumpa paka funguo za banda la samaki halafu uandike kwenye mihutasari kwamba paka kaahidi kujizuia. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya Sarbanes-Oxley, wakubwa wa kampuni waweke sahihi wenyewe kwenye hesabu, kamati ya ukaguzi wote wawe huru. Hiyo ya sahihi naipenda, mtu akijua jina lake liko pale chini mkono unakuwa mzito.

Sasa niwaambie kitu kilichotusaidia sisi, na wala hakikuwa na jina kubwa. Nilikaa kamati ya usimamizi miaka miwili. Zamani makaratasi ya bodi yalikuwa unapewa mlangoni pamoja na bahasha ya posho ya kikao, unafungua bahasha kwanza (tusidanganyane), karatasi unaikunja unajipepea nayo kwa joto lile, ikifika ajenda ya 4 watu wanaangalia saa, wa Mokowe wanawahi boti. Kisha tukapitisha kwamba makaratasi yatoke siku 7 kabla. Basi. Kikao cha pili tu, ami mmoja nahodha mstaafu, tena binamu wa mwenyekiti kabisa, akaja na karatasi zake zimejaa alama za kalamu, akavaa miwani akasema, "Mwenyekiti, hii injini ya farasi 40 humu naiona mara mbili. Ukurasa wa 3 iko, na wa 6 iko, bei moja, mwezi mmoja. Boti yetu ina mikia mingapi?"

Kimya. Mhasibu akaanza kutafuta risiti. Ikaonekana injini ilikuwa moja, na nusu ya pesa ilirudi kabla ya mwezi kuisha, nani aliirudisha hatukuulizana sana.

Binamu, lakini alikuwa na wiki nzima ya kusoma na injini anazijua kuliko mtu yeyote pale ndani, sasa huyo na wale wakwe wawili wapya nani ndiye huru? Mimi ningempitisha yeye asubuhi mapema.

Kinachonikera ni kwamba ile ya siku 7 imeanza kulegea taratibu. Mwaka huu hesabu zilikuja Ijumaa saa nne usiku, picha za WhatsApp, zimepigwa kwenye giza, ukurasa wa 5 una kidole cha mtu. Ami hana simu ya picha. Nikaenda kwake na tochi nikamsomea tumekaa barazani mpaka chai ikapoa, kila tarakimu ananirudisha nyuma, "Hebu rudia hiyo, mwanangu." Tulipofika ukurasa wa 5 akaniambia, "Hicho kidole kitoe." Nikamwambia ami, kiko ndani ya picha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kesho tuanze na hapo."

Kesho yake walianza na wakurugenzi huru.