Mpini laini si mpini mzuri

Mtu anayetafuta kishikio cha kuvisha kwenye mpini, kiwe cha sponji au cha mpira, kwanza hukibonyeza kwa kidole gumba. Kikibonyea anatabasamu, kikigoma anakirudisha kilipotoka. Watengenezaji wanalijua hilo fika, ndiyo maana kila mwaka vishikio vinazidi kunenepa na kulainika. Kwa maoni yangu, kidole gumba hicho kinapima jambo lisilo na uzito wowote.

Si kwamba nachukia vishikio. Nimevifunga kwenye nyundo, kwenye bisibisi, kwenye beleshi, na kwenye fimbo ya mama yangu mkubwa, na vingine siwezi tena kufanya kazi bila hivyo. Ninachokataa ni hii imani kwamba mkono unaumia kwa sababu mpini ni mgumu.

Misuli yenye nguvu ya kukunja vidole haikai kwenye kiganja. Iko juu zaidi, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu. Kano tisa hupita pamoja na neva moja kwenye njia nyembamba pale kifundo kinapoungana na kiganja. Ukikamua mpini kwa nguvu, tena na tena, humo ndani ndimo mnamobanana. Ndiyo sababu aliyeshinda akigonga misumari anaweza kulalamika kwamba mkono umemchoka karibu na kiwiko, au kwamba vidole vinakufa ganzi usiku, ilhali kiganja chake hakina hata lengelenge moja. Sponji inaihudumia ngozi. Malengelenge nayo ni shida, sawa, lakini ngozi hujenga sugu yenyewe. Kano hazijengi sugu.

Basi swali la kukiuliza kishikio ni moja: kitanipunguzia kukamua? Kikipunguza, nakichukua hata kama ni kigumu kama mti wenyewe. Kama hakipunguzi, ulaini wake ni wa kuchezea kwa dole gumba tu.

Na kitu kinachopunguza kukamua kuliko vyote ni unene unaolingana na mkono. Mpini mwembamba mno unavifanya vidole vijikunje hadi ncha zichimbe kiganja, na hapo unabana kwa nguvu nyingi ili zana isizunguke mkononi. Mpini mnene mno unaviacha vidole wazi, havifiki, na unashikilia kwa ncha tu. Mwaka 2004 taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ilishirikiana na idara ya usalama kazini ya jimbo la California kutoa mwongozo wa kuchagua zana za mkono zisizotumia injini. Kwa zana yenye mpini mmoja inayotaka nguvu, mwongozo ule unataja kipenyo cha kati ya milimita 32 na 51 hivi. Kwa kazi ya ustadi, kama kukaza skrubu ndogo ndogo, ni milimita 6 hadi 13. Urefu wa mpini nao usipungue milimita 100, na ni afadhali ukaribie 130 au zaidi, kwa sababu mpini mfupi huishia katikati ya kiganja na kukichoma palepale penye neva na mishipa ya damu. Mwongozo huohuo unasema mpini mwembamba unaweza kuongezewa unene kwa kuvishwa kishikio. Hapo ndipo kishikio kinapofanya kazi yake halali.

Ila watu wengi wanakosea hesabu. Kishikio chenye ukuta wa milimita 5 hakiongezi milimita 5 kwenye kipenyo, kinaongeza 10, kwa maana kinakaa pande zote mbili. Mpini wa milimita 28 ukivaa hicho unafika 38, pazuri kabisa. Mpini wa jembe au wa beleshi ambao tayari una 40 unafika 50, na mwenye mkono mdogo ameshapotea. Kabla ya kununua chochote, shika mpini ulio nao: ncha ya kidole gumba ikiipanda kidogo ncha ya kidole cha shahada, unene unakutosha, usiuongeze. Kama kucha zinagusa kiganja, vaa kishikio. Kama vidole havikutani kabisa, chukua msasa au randa upunguze mti, na pesa yako ibaki mfukoni.

Kuna hadithi ya kweli ambayo naona ilieleweka nusu. Mwaka 1990 huko Marekani Sam Farber alizindua vyombo vya jikoni vya OXO Good Grips. Mkewe, Betsey, alikuwa na ugonjwa wa viungo na kisu cha kumenyea kilikuwa kikimtesa. Wabunifu wa kampuni ya Smart Design walimtengenezea mpini mnene, mweusi, wa mpira. Ulipata sifa nyingi, na kila mtu akaiga ule mpira. Lakini kilichomsaidia mtu mwenye vidole vigumu ni kwamba mpini ule ulikuwa mnene, na ulikuwa na umbo la yai, usiozunguka mkononi. Mpira ulichangia kutoteleza. Walioiga baadaye waliupaka mpira juu ya vijipini vyembamba vilevile vya zamani na kuviita rafiki wa mkono.

Baada ya unene kuna kuteleza. Kadiri mpini unavyoteleza ndivyo unavyolazimika kuukamua ili usikuponyoke. Hiyo ni fizikia isiyo na siri. Nyundo nyingi zinakuja na vanishi inayong'aa kama kioo, na mkono ukitoka jasho kidogo tu inakuwa balaa. Dawa yake mara nyingi si kishikio. Kwangua vanishi, piga msasa wa wastani, paka mafuta ya kitani, acha yakauke. (Vitambaa ulivyopakia mafuta hayo vitandaze nje vikauke, vikirundikwa huweza kupata joto vyenyewe hadi vikawaka. Sitanii.) Mti uliopakwa mafuta hushika mkono vizuri kuliko sponji nyingi nilizowahi kujaribu, na hauongezi hata nusu milimita.

Tazama wanamichezo, watu ambao kushika ndiyo kazi yao. Mchezaji wa tenisi huzungushia raketi utepe mwembamba, na ukishaloa na kulegea anaubandua na kuweka mwingine. Mpini wa gongo la kriketi huvalishwa mpira mwembamba wenye vinundu. Wachezaji wa magongo ya barafuni hufunga utepe wa kitambaa. Hakuna anayefunga godoro, kwa kuwa wanataka kuhisi kinachotokea upande wa pili wa fimbo. Kwenye gofu kuna vishikio vinene, na wenye vidole vinavyouma hufaidika navyo.

Kinachoniudhi zaidi katika sponji nene ni jinsi zinavyoua umbo. Mpini wa nyundo, wa shoka, wa panga, haukuchongwa kwa umbo la yai kwa bahati. Umbo hilo ndilo linalouambia mkono makali yanatazama wapi, bila jicho kushuka kuangalia. Ukiuvisha bomba la sponji la duara, umeziba mdomo wa mpini. Kwenye ufagio hakuna hasara. Kwenye shoka, mtu asiyejua makali yamegeukia wapi anapolishusha ni mtu wa kukaa naye mbali. Kama shoka lazima livae kitu, livae utepe mwembamba unaofuata umbo la mti, au lile bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, ambalo hubana hadi kila kona ya mpini ikaonekana. Chini yake unaweza kuzungusha uzi kwa mshazari ili mkono upate pa kujishikiza.

Tena usilifunge shoka mpini mzima. Anayepasua kuni huanza na mkono mmoja karibu na kichwa cha shoka, na shoka linaposhuka mkono huo huteleza kwenda kuungana na mwenzake kwenye ncha. Funga mpira sehemu hiyo uone ngozi itakavyochunika. Beleshi ni hivyohivyo, jembe pia, hata ufagio: mkono mmoja unakaa, mwingine unatembea. Kishikio ni cha mkono unaokaa. Ajabu ni kwamba sijaona kifungashio kinachosema hivyo, ingawa mtu yeyote aliyewahi kuchimba shimo analijua.

Vile vishikio vyenye mabonde ya vidole sitavizungumzia sana. Vilichongwa kwa mkono wa mtu mmoja na huyo si wewe. Vidole vyako vikiangukia kwenye matuta badala ya mabonde, umenunua maumivu. Mwongozo ule wa NIOSH nao unashauri mpini usiokuwa na mabonde hayo.

Fimbo ya kutembelea ni habari tofauti, na hapa nalegeza msimamo wangu kuhusu ulaini. Nyundo unaikamua, fimbo unaiegemea. Uzito wa mwili unashuka kwenye kiganja, na kama kichwa cha fimbo ni chembamba, kama zile zenye ndoano ya duara, uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja. Upande wa kidole kidogo, kwenye kitako cha kiganja, hupita neva ambayo ikibanwa muda mrefu huleta ganzi kwenye kidole hicho na jirani yake. Waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaijua vizuri. Kinachosaidia ni kuutandaza uzito: kichwa kipana, bapa, kinachojaza kiganja. Zipo fimbo zenye vichwa vilivyofinyangwa kwa umbo la kiganja, lakini hizo huwa za mkono wa kulia au wa kushoto, na nimemwona mtu akiitumia ya kulia kushotoni huku akiisifia kwa uaminifu. Na kawaida fimbo hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu, kwa hiyo kabla ya kununua kichwa cha namna hiyo ujue kwanza mguu upi unauma.

Sponji ya kuvisha kwenye kichwa cha fimbo inafaa, mradi haizunguki. Mama mkubwa aliletewa moja na mjukuu, laini ya kupendeza, ikawa inajizungusha kila anapoinuka kitini. Niliitoa nikafunga utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, nikauvuta sana wakati wa kuuzungusha, na kumalizia kwa gundi. Hauvutii macho. Yeye anasema unafanana na bandeji, lakini anauegemea bila kusita. Baada ya kufunga, pima tena urefu: mtu asimame wima akiwa na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia, na kilele cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Safu nene juu inainua kilele, na fimbo ndefu mno inainua bega. Halafu tazama chini. Ile kofia ya mpira kwenye ncha ya fimbo ikishalika ikawa laini na bila mistari, hakuna kishikio cha juu kitakachokuokoa kwenye sakafu iliyoloa. Nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kununulia fimbo ya mzee, nachagua hiyo kofia ya chini.

Mambo mawili ya hatari hayana mjadala. La kwanza ni umeme. Mpira wa kuvisha kwenye koleo au bisibisi, na hata ile plastiki laini inayokuja nayo kutoka kiwandani, si kinga ya umeme. Koleo la fundi umeme hutengenezwa na kupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, huandikwa 1000 V na huwa na alama ya pembetatu mbili. Lisilokuwa na maandishi hayo ni koleo lenye nguo tu.

La pili ni mtetemo. Wauzaji wa vishikio vya sponji kwa mashine za kusagia na kutoboa hupenda kuahidi kwamba mtetemo utakwisha. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wachonga mawe ya chokaa waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi. Tatizo hilo bado lipo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, uliweka kikomo cha mtetemo wa mkono kuwa mita 5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya saa nane, na mwajiri anatakiwa kuanza kuchukua hatua ukifika 2.5. Hatua zenyewe ni kupunguza saa za kushika mashine, kuitunza, au kutafuta yenye mtetemo mdogo. Sponji haimezi ile mitetemo ya taratibu yenye nguvu, na ikiwa nene mno inakufanya ukamue zaidi, jambo linaloingiza mtetemo mwingi zaidi mkononi.

Kwa mipini ya mti kuna neno moja zaidi: kila kishikio kinaficha. Maji yakiingia chini ya mpira hayatoki, na ufa ambao ungeuona asubuhi ya kwanza unaendelea kukua gizani hadi kichwa cha nyundo kiruke. Vishikio vyangu navivua mara kwa mara nikapapasa mti.

Watengenezaji nao, badala ya kuandika “laini zaidi” na “hutoshea mipini yote”, wangeandika namba tatu kwenye kifungashio: kipenyo cha ndani, unene wa ukuta, na kipenyo cha nje kikishavaliwa. Na waseme kama kinafuata umbo la mpini au kinaugeuza duara.