Mlezi mchana, mlinzi usiku: waongozaji wa vijana katika nyika za Utah

Kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, kuna kazi ambayo kijana wa miaka 23 anaweza kuipata akiwa na shahada mbichi mkononi na mapenzi ya kupanda milima. Hupewa mafunzo ya wiki moja hivi na kozi ya huduma ya kwanza, kisha huingia nyikani na wenzake wawili au watatu kuongoza kundi la vijana wasiozidi kumi, wengi wao wa miaka 13 hadi 17. Wazazi wamewapeleka huko kwa sababu ya bangi, kujikatakata kwa wembe, kutoroka shule, au huzuni nzito ambayo dawa na vikao vya mjini vimeshindwa kuiondoa. Watakaa porini miezi miwili hadi mitatu. Mtaalamu wa saikolojia huja kwa gari mara moja kwa wiki, huketi na kila mmoja wao, halafu huondoka. Siku zinazobaki, na usiku wote, ni za mwongozaji, ambaye hukaa nao takriban siku nane mfululizo kabla ya zamu nyingine kumpokea.

Tiba hii ya nyikani imezua mabishano makali Marekani kwa zaidi ya miaka thelathini. Wenye kampuni zinazoendesha safari hizi wanaleta barua za shukrani za wazazi. Waliopita mikononi mwao wanaleta majina ya wenzao waliokufa. Nikisoma hoja za pande zote mbili naona zinampita mtu ambaye kila kitu kinamtegemea, yaani yule anayelala hatua chache kutoka kwa mtoto. Yeye amepewa kazi mbili zisizopatana, kuwa msiri wa kijana na kuwa mlinzi wa kijana huyohuyo asitoroke. Mimi nadhani sehemu kubwa ya mema na maovu ya safari hizi inatoka hapo.

Chimbuko lake halikuwa baya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Larry Dean Olsen, bingwa wa maarifa ya kuishi jangwani, alikuwa akiwapeleka nyikani wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, mjini Provo, waliokuwa wamefeli masomo. Aliyeimaliza safari alipata nafasi ya kurudi darasani. Kabla yake kulikuwa na Outward Bound, iliyoanzishwa Wales mwaka 1941 kwa fikra za mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, na ambayo wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaifahamu kwa shule yake ya Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1952. Wazo ni moja: mpe kijana mlima, mzigo na wenzake, na atagundua anaweza zaidi ya alivyodhani. Kilichobadilika baadaye ni kwamba mlima umeitwa tiba, mzazi amekuwa mteja anayelipa mamia ya dola kwa siku, na kijana hakuulizwa kama anataka kwenda.

Niwatetee kwanza waongozaji, kwa sababu wanastahili. Chukua somo linalofahamika kuliko yote katika kambi hizi, kupekecha moto. Kijana hupewa kisu kwa saa chache na kuchonga ubao, kijiti na upinde. Hufunga kamba kwenye upinde, huizungusha kwenye kijiti, hukandamiza juu kwa kipande cha jiwe chenye kishimo, kisha husukuma na kuvuta mpaka mikono inatetemeka. Kamba hukatika. Kijiti huruka. Unga mweusi hujikusanya kwenye pengo la ubao, moshi hupanda, na kijana asiyejua huinuka haraka mno na unga hupoa. Mwongozaji mzuri huketi pembeni na hasogezi mkono. Anaweza kusema, “Rekebisha goti lako,” basi. Siku ya tano au ya kumi kaa dogo linapotulia ndani ya kiota cha gome la mreteni na kuwaka, yule mvulana aliyekuwa hasemi na mtu hupiga kelele ambayo kambi nzima huisikia. Tangu jioni ile huanza kuzungumza. Hakuna ofisi ya mtaalamu inayoweza kumpa hilo, na wapinzani wanaosema nyika haina lolote isipokuwa mateso wanakosea.

Lakini moto huohuo una upande wa pili. Katika baadhi ya programu, asiyewasha moto wake hula chakula baridi, wali au dengu zilizolowekwa. Msichana wa miaka 14 aliyefika jana, asiyepata usingizi na asiyejua ni lini ataonana na mama yake, akipewa ubao uleule kwa sharti hilo, hatakuwa anajifunza uvumilivu. Atakuwa anaadhibiwa kwa kutojua. Kinachotenganisha hali hizi mbili hakiandikwi kwenye mwongozo wowote wa kampuni. Ni uamuzi wa mtu mmoja mchovu aliyeko pale jioni ile, naye huenda hana hata mwaka kazini, kwa kuwa mshahara ni mdogo na wengi huacha mapema.

Hapo ndipo tunapofika kwenye vifo. Juni 1990, msichana wa miaka 16 kutoka Florida alianguka na kufa kwa joto akiwa matembezini kwenye uwanda wa juu wa Kaiparowits, siku chache tu baada ya kufika. Mwenye kampuni iliyompeleka huko, Steve Cartisano, alishtakiwa, na mahakama ikamwachia huru. Machi 1994, karibu na Escalante, mvulana wa miaka 16 kutoka Phoenix alikufa kwa kidonda kilichotoboa utumbo. Alikuwa amekonda sana na alilalamika tumbo kwa siku nyingi. Waliokuwa naye waliamini anaigiza. Baadhi ya wahusika baadaye walikiri kosa la kuua kwa uzembe. Mwaka 2007, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguza vifo 10 vya vijana vilivyotokea kati ya 1990 na 2004 katika programu za nyikani na nyingine za kurekebisha vijana, na ikakuta mambo yaleyale yakijirudia: wafanyakazi wasio na mafunzo ya kutosha, lishe duni, uendeshaji wa kizembe.

Ukizisoma kesi hizi kwa karibu, jambo moja linaumiza kuliko mengine. Mtoto alisema. Alisema anaumwa, alisema hawezi, na mtu mzima aliyekuwa mbele yake alikuwa amefundishwa kwamba watoto hawa ni waongo. Fundisho hilo halikutoka hewani. Vijana wanaoletwa kwa nguvu hujaribu kila njia ya kuondoka, na kudai ugonjwa ndiyo njia ya kwanza inayomjia mtu akilini. Mwongozaji aliyesimamisha msafara mara tatu kwa tumbo lisilouma atachekwa na wenzake mara ya nne. Wapo pia vijana waliovuka siku yao ngumu kwa sababu kuna mtu alikataa kuamini kwamba hawawezi, na leo wanamshukuru. Hivyo mwongozaji anatakiwa kumtilia shaka kijana ili amsaidie na kumwamini kijana ili asimuue, na hana daktari wa kumuuliza ila sauti inayokatika kwenye redio.

Kwa maoni yangu hili si fumbo lisilo na jibu. Gharama za makosa mawili haziko sawa. Kusimamisha msafara kwa ajili ya mwongo kunapoteza nusu siku. Kuendelea na mgonjwa kunapoteza mtoto. Utah ililielewa hili na kuweka kanuni baada ya kifo kile cha 1990, kuhusu maji, chakula, joto, na kwamba kundi halitakiwi kupita uwezo wa aliye dhaifu kuliko wote. Ni kanuni nzuri. Shida ni kwamba kanuni hutekelezwa na mwajiriwa kijana ambaye bosi wake anataka safari iendelee, na mteja anayelipa yuko mbali, ameambiwa mapema asiziamini barua za mwanawe za kuomba kurudishwa nyumbani.

Kuna wanaosema hayo ni ya zamani, ya enzi za walaghai. Nilitamani iwe hivyo. Februari 2024, mvulana wa miaka 12 kutoka New York alifika kwenye programu ya Trails Carolina, North Carolina, na asubuhi iliyofuata alikutwa amekufa. Alilazwa ndani ya kihema kidogo cha mtu mmoja kilichofungwa kwa namna ambayo asingeweza kutoka bila wahudumu kujua. Wahudumu walikuwa karibu usiku kucha. Uchunguzi wa maiti ulisema alikosa hewa, na kifo kikaandikwa kuwa kimesababishwa na mtu mwingine. Jimbo lilifuta leseni ya programu ile mwezi Mei. Oktoba mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hatamshtaki mtu yeyote.

Tukio hili linanisumbua kwa sababu hapakuwa na jangwa, njaa wala mwendo mrefu. Kulikuwa na hofu kwamba mtoto atatoroka, na kifaa cha kuizuia hofu hiyo. Ukitazama vizuri, mambo mengi yanayolalamikiwa katika kambi hizi yana mzizi huohuo. Viatu hukusanywa jioni. Kijana akienda chooni hupaza jina lake ili asikike bado yupo. Saa ya mkononi hana, na akiuliza kesho wanakwenda wapi hajibiwi. Baadhi yao waliamshwa usiku wa manane nyumbani na wanaume wawili wasiowajua, wazazi wamesimama mlangoni, wakapakiwa garini. Mwongozaji hakufanya hilo, lakini ndiye anayepokea kijana aliyefanyiwa hilo, na asubuhi anatarajiwa kumwambia, “Niamini.”

Waongozaji nao wana hofu za kweli. Desemba 2016, kwenye ranchi ya kurekebisha vijana karibu na Escalante, mfanyakazi aliuawa na mvulana wa miaka 17 aliyekuwa ameletwa siku chache kabla. Anayewahukumu waongozaji bila kuutaja usiku wao hajawatendea haki.

Je, ushahidi wa kitaalamu unasemaje? Tathmini ya mwaka 2016 iliyojumlisha tafiti 36 ilikuta vijana wanatoka na hali bora kwa kiasi cha kati kuliko walivyoingia, katika kujithamini, tabia na uhusiano na watu wengine. Watetezi huishika kwa mikono miwili. Mimi naichukua kwa uzito, ila tafiti za aina hii nyingi hulinganisha kijana na yeye mwenyewe kabla na baada, bila kundi la vijana wa hali ileile waliobaki nyumbani. Wengine huletwa wakiwa kwenye siku zao mbaya kabisa, na siku mbaya kabisa zina kawaida ya kupita. Isitoshe, kijana anayejua kwamba majibu yake yanaweza kumrudisha nyumbani hawezi kujaza fomu kwa uhuru.

Kwangu hoja yenye uzito zaidi inatoka Norwe. Hospitali ya Sørlandet, kusini mwa nchi hiyo, ina kundi la tiba ya nje kwa vijana wenye matatizo ya akili, la wiki kama kumi. Wanaokuja wamekubali wenyewe. Hukutana, huwasha moto, hupika, hulala porini safari mbili tu, kisha hurudi kwao. Wanaotembea nao ni wataalamu wa hospitali wenyewe, kwa hiyo hakuna tofauti kati ya anayejua ugonjwa na anayebeba mzigo. Mtu hahitaji kuficha viatu vya mtu aliyekuja kwa miguu yake.

Najua jibu la mzazi wa Marekani. Atasema kijana anayekubali kwa hiari si yule wake aliyepasua milango na kumeza vidonge. Ni kweli, na sitamdharau mzazi anayelala akisikiliza pumzi za mwanawe. Lakini kijana aliye katika hatari hiyo anahitaji wodi yenye daktari na muuguzi saa zote, si turubai na mwongozaji wa miaka 23 aliye saa nne kutoka hospitalini. Kadiri kijana anavyohitaji kulazimishwa, ndivyo nyika inavyokuwa mahali pasipomfaa. Kwa hiyo nasimama hapa: msafara wa hiari, wenye mtaalamu ndani yake, nautetea. Wa kulazimisha ufungwe, hata kama waongozaji wake ni watu wema, na wengi wao ni watu wema.

Desemba 2024 Rais Biden alitia saini sheria dhidi ya unyanyasaji wa watoto katika taasisi, iliyopiganiwa na wengi akiwemo Paris Hilton, aliyepitia shule ya aina hiyo Utah. Inaagiza utafiti wa kitaifa na mapendekezo. Hakuna kifungu kinachompa mwongozaji haki ya kusimamisha msafara au kuita helikopta bila ruhusa ya ofisi na bila kuogopa kufukuzwa. Kampuni kadhaa kubwa zimefunga milango tangu 2023, lakini zilizobaki zinaajiri.

Wazazi wengi wa kwetu walioko Texas, Minnesota au Maine hawana fedha za nyika hizi. Mtoto akiwashinda, hufikiria kumrudisha Kongo, Kenya au Tanzania, kwa bibi au shule ya bweni yenye sifa ya ukali. Wakifanya hivyo nao wana maswali yaleyale ya kuuliza kabla ya kukata tiketi. Nani hasa atalala karibu naye? Mtu huyo akiona mtoto anaumwa saa nane za usiku, ana mamlaka ya kumpeleka hospitali bila kumpigia simu mkuu? Na mtoto akipiga simu kusema kuna jambo, kuna mtu mzima aliyekwisha kuambiwa asimsadiki?