Bahasha mbili za dawa

Baba mdogo alitoka dirisha la dawa na bahasha mbili ndogo za karatasi. Moja imeandikwa kwa peni 1x3, nyingine 1x1. Basi, mgonjwa anayefuata. Ana gauti, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa hawezi hata shuka liguse kidole gumba cha mguu. Baada ya siku tano uvimbe ulinywea, akavaa kiatu, akaenda msibani Kibaha. Bahasha zote mbili zikaingia droo ya kabati, ya pili ikiwa bado imejaa. "Si nimepona?"

Wahudumu wana neno lao kwa watu kama yeye: wakaidi. Mimi nalikataa. Miaka yote tumeambiwa maliza dozi. Nani alimwambia kwamba dozi hii haina kumaliza? Bahasha ya kwanza ilikuwa diklofenaki, ya maumivu. Ya pili alopurinoli, ambayo haitulizi maumivu hata kidogo. Kazi yake ni kuuzuia mwili usitengeneze asidi ya yuriki nyingi. Asidi hiyo ikizidi huganda kwenye viungo, chembe nyembamba kama sindano, na zinabaki humo hata siku unayocheza mduara harusini. Ili ziyeyuke, kipimo cha damu kinatakiwa kishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita na kikae hukohuko, miaka. Baba mdogo alipimwa mara moja tu, siku ya kidole. Tena wakati gauti imepamba moto kipimo kinaweza kusoma sawa kabisa, kikamdanganya daktari na mgonjwa.

Aibu nayo ina sehemu yake. Gauti kwetu ni ugonjwa wa walafi, kwa hiyo mtu anaona tiba ni toba. Baba mdogo aliacha nyama choma na bia kwa miezi, akahamia dagaa. Dagaa! Nao wana purini tele, na purini ndiyo inayogeuka asidi hiyo. Kupunguza bia na nyama kunasaidia, sibishi, lakini kwa wengi chakula peke yake hakifikishi kipimo panapotakiwa. Kuna kurithi, kuna figo, kuna hata baadhi ya vidonge vya presha, vile vya kukojoza, ambavyo yeye anameza miaka yote na hakuna aliyemuuliza.

Alipoanza tena alopurinoli, wiki ya tatu goti likafura usiku. "Mwanangu, hii dawa ndiyo inayoniumiza." Ungemjibu nini? Chembe za zamani zikianza kuyeyuka, maumivu huweza kurudi miezi ya mwanzo. Ndiyo maana dozi huanzia chini, miligramu 100 au pungufu, ikapandishwa taratibu, na mgonjwa huongezewa kolchisini kidogo, dawa ya kuzuia maumivu hayo yasirudi, kwa miezi mitatu hadi sita. Goti likifura, alopurinoli haiachwi. (Ukitoka upele, hapo acha na uwahi hospitali siku hiyohiyo.) Maneno haya yanachukua dakika mbili kuyasema. Dirishani hayakusemwa.

Huko Nottingham, Uingereza, watafiti waliwagawa wagonjwa zaidi ya 500 wa gauti: wengine wakatibiwa na madaktari wao kama kawaida, wengine wakakabidhiwa kwa manesi waliofundishwa kueleza, kusikiliza, kupima na kupandisha dozi. Matokeo yalitoka 2018. Baada ya miaka miwili, asilimia 95 ya wagonjwa wa manesi walikuwa wamefikia kipimo. Wale wengine, asilimia 30. Dawa ya manesi haikuwa ya ajabu, kwa wengi ni hiyohiyo alopurinoli tunayoipata duka la dawa. Sasa mkaidi ni nani?

Nilichukua bahasha ya baba mdogo, nikaandika kwa herufi kubwa chini ya 1x1: KILA SIKU, HATA USIPOUMWA. Sasa inakaa kando ya mswaki. Wiki iliyopita alinitumia picha ya karatasi ya maabara, 338, na ujumbe chini yake: "Imeshuka. Sasa naruhusiwa kuacha?"